Msiba wa Binti wa Mfalme

Mwaka wa mtihani wangu wa kidato cha nne, tamthilia ya Kiingereza ndiyo iliyonisumbua, na bila ya kuifaulu nisingepata masomo ya ng'ambo. Siku moja kabla ya mtihani, wenzangu walisoma kimya. Mimi, kwa akili niliyojaaliwa, niliuigiza ukurasa ambao mfalme anamlilia bintiye aliyekufa. Nililia kwelikweli, dirisha wazi, mtaani kwetu Malindi.

Mara majirani wakaingia, kanga vichwani.

"Nani kafa?" bibi mmoja akamuuliza mama.

"Binti wa mfalme," nikajibu mimi.

"Wa wapi, mwanangu?"

"Uingereza."

"Masikini! Alikuwa akiumwa?"

"Kanyongwa."

Basi hapo hakuondoka mtu. Mama, kwa aibu, akapika kahawa, nami nikawasimulia kisa chote, cha mfalme na mabinti zake. Bibi alimlaumu baba mtu, wengine wakawalaumu dada zake, nami nikawajibu wote kwa hoja mpaka adhuhuri.

Siku ya pili, swali la kwanza la mtihani lilitaka tueleze nani alisababisha kifo kile. Niliomba karatasi za ziada. Nilifaulu vizuri sana, na diploma ya ng'ambo iliyotundikwa ukumbini kwangu leo ina jina langu peke yake.