Nilivyoozesha mayai ya majirani Rulenge, kisha nikawalipa vifaranga

Wakuu, amani kwenu. Habari hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa. Anayebisha afike Rulenge aulize fundi wa vifaranga, ataletwa mpaka mlangoni.

Niliporudi nyumbani na diploma yangu ya umeme, wengi walisema sitafika popote. Baba yangu mdogo, Deo, alisema mbele ya watu: "Kakaa mjini miaka yote, karudi na sanduku lenye taa, eti ndiyo kuku!"

Mimi sijawahi kubebwa na mtu. Ada nilijilipia kwa kufunga nyaya kwenye nyumba za watu. Ile incubator, mashine ya kutotolesha vifaranga, niliiunda kwa mikono yangu: mbao, taa, feni ndogo, thermostat ya kudhibiti joto, na betri ya sola kwa siku umeme ukikatika. Joto halikuyumba. Kazi ilikuwa safi, na sioni haya kusema.

Nilichokosa ni mayai.

Kwetu unaweza kumpa mtu kuku wako amfuge, vifaranga wakipatikana mnagawana. Nikaitumia desturi hiyo. Nikawaomba majirani wanikopeshe mayai, tugawane nusu kwa nusu. Hata Deo alitoa, nadhani ili apate cha kucheka.

Aliyetoa mengi kuliko wote ni Bibi Yustina, mjane jirani yetu. Kuku wake wote walitokana na jozi moja aliyoletewa na marehemu mumewe. Ndio waliomtunza tangu abaki peke yake: dawa, sabuni, sadaka.

Mayai yaliletwa yanang'aa. Nikaandika kwenye kila yai herufi ya mwenyewe kwa penseli, nikayapanga pamoja na ya mama yangu.

Wiki ya pili chumba kikaanza kunuka. Nikamulika mayai kwa tochi, ndani kweusi. Moja likanipasukia mkononi. Mwisho walitoka vifaranga watatu tu, wote wa mayai ya mama yangu.

Deo akasimama mlangoni, kaziba pua. "Kuku wako wa umeme kataga harufu, msomi."

Wengine waligeuka wakaenda zao. Hilo liliniuma kuliko maneno yake.

Nikajiuliza: joto ni lilelile, maji ya kuleta unyevu yalikuwemo, kwa nini ya mama yapone? Ya mama niliyaokota mwenyewe kiotani, na uchafu wake. Nikamuuliza kuhusu ya majirani.

"Si waliyasugua kwa majivu na maji," mama akasema. "Ulitaka wakuletee kitu kichafu, mtu umetoka mjini?"

Hapo nikaelewa. Ganda la yai lina utando mwembamba unaozuia vijidudu. Ukiuosha, vinaingia. Kadri watu walivyoniheshimu, ndivyo mayai yao yalivyooza.

Kabla sijaanza tena, mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ukapita. Banda la Bibi Yustina likabaki tupu, matetea na jogoo wote wakafa. Yalisalia mayai saba kwenye kikapu. Kuku wa kuyaatamia hayupo, na yai likikaa sana halianguliki. Nikaenda siku hiyohiyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuyaozesha na haya?"

"Naomba unipe, ila usiyaoshe."

"Nikupe yai lenye mavi? Watasema Yustina kakosa adabu uzeeni!"

"Waambie mimi ndiye niliyeyataka hivyo."

Alikipakata kikapu mapajani. Kisha akasema, "Yakifa haya, kwangu hakuna jogoo atakayewika tena." Akanisogezea.

Wakuu, nimepanda nguzo ndefu za umeme bila wasiwasi. Kikapu kile nilikibeba kwa mikono miwili, nikikwepa kila jiwe njiani.

Nikayaweka pamoja na ya mama, ambaye kuku wake wachache walinusurika. Siku za mwisho bibi alikuja na rozari yake, akaketi kando ya mashine. Mara nikamwona ameinamisha kichwa anasikiliza. Vifaranga walikuwa wanalia ndani ya maganda, hata kabla ya kuyapasua.

Katika yale saba, manne yalianguliwa. Kifaranga mmoja alidonoa tundu akafia humohumo. Bibi alimfunga kwenye jani la mgomba, akaenda kumfukia mwenyewe nyuma ya nyumba yake.

Nikalea, nikachanja dhidi ya mdondo, nikatotolesha tena na tena. Nilikuwa nimejiapiza kwamba kila yai lililooza kwangu litalipwa kifaranga mzima, siyo nusu.

Jumapili moja baada ya misa nikawaita wote. Deo alikuja na tenga, akahesabu mara mbili.

"Hawa wamezidi makubaliano," akasema taratibu.

"Ni wako, baba."

Hakucheka.

Bibi Yustina nilimkabidhi wale wake wanne, matetea watatu na jogoo, wamekwisha kuwa wakubwa. Vifaranga wa fidia akawakataa. "Yale ya kwanza niliyaosha mwenyewe." Nikampelekea hata hivyo. Kwetu kuku hubebwa kwa miguu, kichwa chini. Yeye jogoo yule alimkumbatia kifuani, akapanda naye mlima polepole mpaka kwake.

Siku hiyo sikubaki na deni la yai hata moja.

Mnaoanza: mayai ya kutotolesha yasioshwe, na mwambie anayekuletea mapema, kabla heshima haijamponza. Maswali ya ufundi nitajibu yote. Ila na mimi nina langu: nani humu amewahi kushika kitu cha mwisho cha mtu mwingine? Ulifanyaje?