Mwenyekiti wa Mfereji Ugenini

Huku Naro Moru mimi ndiye mwenyekiti wa mfereji wetu wa kunyunyizia mashamba. Ukifungua maji wakati si zamu yako, utanijua. Kosa langu ni kwamba nilisafiri na uenyekiti huo hadi Uingereza.

Binti yetu Wangari anaishi huko ndani ya boti, kwenye mifereji mipana. Anapika humo, analala humo, na akichoka na majirani anawasha injini na kuhama. Asubuhi moja nilimwacha na mama yake botini, nikashuka kunyoosha miguu kando ya maji. Nikasimama kuangalia ng'ombe wa watu, boti ikaniacha hadi nisiione.

Mbele nikakuta lango kubwa la mbao limeukinga mfereji, na mzee mmoja anazungusha mkono wa chuma wa kufungulia maji. Maji yalikuwa yakimwagika kwa fujo ndani ya shimo refu. Maji yote hayo, na hakuna hata sukumawiki karibu! Nikamnyang'anya ule mkono, nikafunga maji, nikamwambia kwa Kiingereza changu chote kwamba kwetu mwizi wa maji hutozwa mbuzi. Akanyoosha tu kidole shimoni.

Nikachungulia. Chini kabisa ilikuwa boti ya Wangari, ikingoja shimo lijae ndipo ipande hadi mfereji wa juu.

"Baba, wacha mzee wa watu!" Wangari akapiga kelele. "Si anatusaidia kupanda!"

Mke wangu akatoa kichwa dirishani, kikombe cha chai mkononi.

"Mwenyekiti," akaniita, "kwani zamu yetu ni lini?"