Niligeuza skrini kuwa ya njano kuokoa macho, nikamfanya marehemu aonekane amezama ziwani

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Naandika hasira zikiwa bado juu, mtanivumilia. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Mwanza na sijaongeza chumvi. Kama kuna mtu humu alikuwepo kwenye ule msiba wa Ilemela, anisute nikidanganya.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha mapema nikaanza kuzunguka. Nimepakia samaki, nimeuza miwa Kigongo enzi za kivuko, nimeenda machimbo ya Geita nikarudi na kandambili tu. Ugonjwa wangu ni mmoja: kifaa chochote nikikiona lazima nikifungue nijue ndani kuna nini. Ndivyo nilivyojifunza kompyuta, na sasa nadizaini kwenye duka la mama mmoja Mabatini. Kadi za harusi, mabango, na zaidi ya yote fulana za msiba zenye picha ya marehemu.

Duka lenyewe ni bati tupu. Joto lake usiombe. Bosi alinifungia feni, likawa linanipuliza usoni kutwa nzima, na mimi nikamshukuru.

Baada ya miezi kadhaa macho yakaanza. Yanakwaruza kama yana mchanga, yanawaka, mekundu.

"Wewe, utanikimbizia wateja," bosi akanambia. "Wanadhani nimeajiri mvuta bangi."

Hapo ndipo wajuaji walipoingia. Mabatini kila mtu ni daktari wa macho. Aliyenimaliza ni rafiki yangu Kulwa, fundi simu wa kibanda cha jirani.

"Mwanangu, skrini yako ni baridi mno, imejaa bluu. Bluu inakausha macho kama jua linavyokausha dagaa. Weka njano."

"Una uhakika?"

"Nimeona video."

Ameona video! Basi akaniwekea programu ya kubadili rangi, akaivuta mpaka mwisho. Skrini ikawa kama chai ya rangi. Kwa kweli siku ile niliona nafuu, nikamsifu mpaka kwa bosi. Macho yalirudi kuwaka, lakini nikajipa moyo kwamba dawa inafanya kazi polepole.

Ikaja kazi. Mzee mmoja wa Ilemela, fundi wa mitumbwi, alikuwa amefariki kitandani kwake baada ya kuugua muda mrefu. Binti yake mkubwa, Mama Nyamizi, akaleta picha. Alitaka fulana za familia na bango kubwa la kutundika kwenye turubai.

Kwenye skrini mzee namwona wa njano kabisa. Nikapunguza njano, nikaongeza bluu, nikaongeza tena, mpaka akakaa sawa. Sawa kwenye skrini ya chai! Kazi ikaenda mjini kwa wachapaji, na mzigo ukapelekwa moja kwa moja msibani. Sisi hatukuuona.

Asubuhi ya siku ya maziko Mama Nyamizi akaingia dukani na bango kwapani. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Akalikunjua mezani.

Uso wa bluu. Midomo ya kijivu.

Wa ziwani mmeshanielewa. Ile rangi tunaijua. Ni ya mtu aliyeopolewa majini.

"Hii ni picha mmempiga au mmemtosa?" akasema. "Wageni wanafika kutoka Ukerewe wananiuliza alizama lini! Baba yangu kafia mikononi mwangu! Kuna wanaonong'ona kwamba mtumbwi aliouchonga mwenyewe ndio umemuua."

Mnaliona hilo tusi? Fundi wa mitumbwi, maisha yake yote, azikwe kwa sifa hiyo?

Bosi hakunigeuzia hata shingo. "Bango jipya lifike kabla ya maziko. Mama akilikataa, funga virago."

Nikafungua faili. Mzee yuko sawa! Nikatazama bango, nikatazama skrini, nikatazama bango. Ndipo nikazima programu ya Kulwa, na mzee akageuka bluu mbele yetu sote. Mama Nyamizi akaziba mdomo.

Nikaanza kurekebisha, lakini kwa kipimo gani? Picha yenyewe ilipigwa chumbani kwa taa hafifu. Mama Nyamizi akavuta kiti, akakunja mkono wa gauni, akauweka mkono wake kando ya skrini.

"Weka rangi hii. Ndugu zangu wote wamefuata rangi ya mama. Mimi ndiye niliyemfuata baba."

Kisha akaongeza, "Na hili feni! Nimelia tangu juzi, linanichoma macho." Akaligeuzia ukutani mwenyewe.

Tukaanza.

"Punguza. Hakuwa Mzungu. Rudisha. Kidogo tena. Hapo hapo, usiguse."

Akashusha mkono wa gauni.

"Huyo ndiye baba."

Bango liliwahi. Fulana zenye uso ule wa bluu zilibaki kwenye maboksi, hakuna aliyezivaa, na hilo bado linaniuma.

Mama Nyamizi alipoondoka nikajifuta jasho, nikashtuka. Skrini baridi, yenye bluu ileile, nimeikodolea kwa hofu ya kufukuzwa, na macho hayawaki kama kawaida. Kilichobadilika ni feni tu!

Nikaenda zahanati. Muuguzi akanieleza kwamba mtu akikodolea skrini anasahau kupepesa macho, na upepo unamalizia unyevu uliobaki. Mwanga nao nilikuwa nimeuweka mkali kupita kiasi. Njano huwatuliza baadhi ya watu, lakini jicho lililokauka hailirudishii unyevu.

Nikarudi kwa Kulwa nikiwa nafuka moshi. Mnajua alinijibu nini?

"Basi jaribu miwani."

Jamani! Mnaowatibu watu kwa video, muwe mnafika na msibani kuona kazi yenu. Wewe mwenye macho makavu, anza na upepo, mwanga na kupepesa, na yakizidi nenda upimwe. Anayefanya kazi ya rangi asiguse night mode, hiyo njano ya skrini, akiwa kazini.

Waliopitia haya leteni yenu hapa, na anayetetea njano aje na hoja. Mimi kila asubuhi nikiwasha kompyuta, naweka kwanza mkono wangu kando ya skrini, kama alivyonifundisha Mama Nyamizi.