Siku Khima Alipoitwa Jina

Mtaa wa juu ya soko la Tansen ulizoea mlio wa kitanda cha kufumia cha Khimkumari Saru kiasi kwamba watu walikuwa hawausikii tena. Tangu chai ya asubuhi hadi jua kuzama, taka-tak, taka-tak, Khima alifuma vitambaa vya dhaka vya kushonea kofia za wanaume. Ndiyo maana siku mlio ulipokatika mchana kweupe, Subhadra, jirani mwenye duka, alitoka nje kuangalia kuna nini.

Hakukuwa na kitu. Khima alikuwa anasikiliza redio.

Msimu ule wa mvua Nepal nzima ilikuwa na gumzo moja. Mahakama ya Juu kule Kathmandu ilikuwa imeamuru kwamba ndoa za mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke zianze kuandikishwa, na kuanzia siku hiyo kila mwenye mdomo akawa hakimu. Vibandani, wanaume ambao hata siku moja hawajawauliza wake zao wamelalaje, walimaliza chai tatu tatu wakijadili vitanda vya watu wasiowajua.

Khima alikuwa anasokota uzi wa hasira. Pembeni yake, Nandakala alikuwa anasokota uzi wa kweli, akiujaza kwenye vijiti, kazi aliyoifanya tangu nywele zao wote wawili zilipokuwa nyeusi.

Nandakala alikuwa Mbahun, wa tabaka la makuhani, mjane. Mumewe alifia India alikokwenda kutafuta riziki, na wakwe wakamgeuzia mwanamke wa watu uso kama vile yeye ndiye aliyemuua. Khima alikuwa Mmagar, wa kabila la milimani, hajaolewa, ulimi wake mkali. Kwa desturi watu wa namna hizo mbili hawali chungu kimoja. Ila kwetu kuna miteri. Wawili wakishibana kuliko ndugu wa tumbo moja, wanakwenda kwa kuhani, wanavishana mashada, wanapakana tika, alama nyekundu ya baraka, kwenye paji la uso, wanapeana nguo, na kuanzia hapo jamaa wa mmoja ni jamaa wa mwenzake. Hakuna anayehoji tena nani amepika. Sharti lake kubwa ni moja: waliofungwa miteri hawaitani majina. Kumtaja mwenzako kwa jina lake ni kumvua heshima na kuukana udugu mbele za watu; mwenzako akiitika, miteri imevunjika. Kwa hiyo Khima na Nandakala waliitana Mwenzangu, ujana wao wote na baada ya ujana.

Kwamba walipendana zaidi ya hapo, kwamba chumba cha juu kilikuwa na kitanda kimoja na hakikuwahi kuhitaji cha pili, hayo yalikuwa yao. Hawakuyapa jina.

Redioni mzee mmoja alikuwa anafoka. "Mambo haya hayako kwetu! Yameshushwa na ndege pamoja na watalii. Nionyesheni Mnepali mmoja, mmoja tu!"

Khima alivuta simu.

"Mwenzangu, acha," Nandakala alisema. "Waache wapayuke, watachoka."

"Anasema hatupo."

"Hajatutaja sisi."

"Sasa kamtaja nani?"

Simu ilishapokelewa. Sauti ya Khima ikatoka redioni na kwenye kila dirisha la mtaa kwa pamoja. "Mimi ni Khimkumari, nafuma dhaka hapa hapa Tansen. Huyo baba anasema hajaona. Basi aje aone. Mimi na mwenzangu tulivishana mashada mbele ya kuhani na mashahidi, tangu enzi za mfalme. Tumeishi nyumba moja, tumeuguzana, hatujamwibia mtu hata kuku. Mkitaka kujua inakuwaje, njooni mle wali."

Mtangazaji alisita. "Mama, si unazungumzia miteri tu?"

"Nazungumzia nilichokisema."

Wakaweka muziki. Khima alirudi kazini uso unamng'aa, akafuma kwa kasi mpaka uzi ukakatika mara mbili. Maskini, alidhani ametoa ngao. Miteri ilikuwa pazia lao, tena pazia zuri, lililofumwa na watu wengine kwa heshima, na yeye kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amelivuta kando. Nandakala aliligundua hilo kabla wimbo wa redio haujaisha. Aliinuka akafunga dirisha, mchana wa joto ule.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa chai. Subhadra alikuwa na mazoea ya kuwapitishia vikombe viwili juu ya ukuta kila asubuhi. Asubuhi moja havikuja, na havikuja tena. Kisha binti yake akakatazwa kumtembelea rafiki yake wa miteri wa mtaa wa pili. "Mama kasema tumekuwa wakubwa," binti alisema, macho chini, akapita haraka. Mnunuzi wa vitambaa vya kofia alipokuja alikataa kuingia. Alipokea vitambaa akiwa mlangoni, akavigeuzageuza, akauliza, "Uzi huu kasokota nani?" kama vile hajui.

Halafu wakaamka wakakuta uzi waliouanika uani umekanyagwa kwenye matope, rangi zote zimekuwa moja. Nandakala aliuokota, akaufua, akauanika tena.

"Ni mbwa hao," Khima alisema.

"Mbwa havai viatu, mwenzangu."

Ikafika Teej, sikukuu ya wanawake na mfungo wake. Usiku wa kabla ya mfungo wanawake hula pamoja hadi washindwe kuinuka, na kila mwaka wawili hawa walikula kwa Subhadra. Safari hii hakuna aliyewaalika, na hakuna aliyewakataza. Walikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kama kukiri kosa. Walipoketi, mkeka ukawa mpana ghafla. Kila upande pakabaki nafasi ya mtu mzima.

Nyimbo za Teej ni za kupashana, na wanawake wa Tansen hawajambo kwa hilo. Mawifi walisemwa, waume walevi walisemwa. Kisha sauti moja kutoka nyuma ikaanzisha:

"Udugu wa kiapo ulifunika chungu,
leo mfuniko juu, harufu mtaa mzima."

Wakaitikia kwa makofi. Wakairudia. Miaka yote Khima ndiye aliyekuwa akijibu, na majibu yake yalikuwa yanakumbukwa mpaka Teej nyingine. Usiku huo alifungua mdomo akakuta hamna kitu. Nandakala alimaliza chakula chake, akaosha sahani, akamshukuru mwenye nyumba.

Subhadra aliwasindikiza hadi langoni. "Dada Khima, kwani mngenyamaza mngepungukiwa na nini?" alisema kwa sauti ya chini, karibu kulia. "Si tulikuwa tunajua sote? Nani aliwahi kuwauliza?"

Khima hakulala. Alikuwa amejiandaa kuchukiwa na watu wasiojua. Hili la kwamba walijua muda wote lilimtia baridi hadi kwenye mifupa.

Sherehe zilipoisha gari lilipanda kutoka mji wa Butwal. Ndani yake alikuwamo Lekhnath, mtoto wa kaka yake Nandakala, mwenye duka la mabati. Utotoni aliletwa kila likizo kwa shangazi zake wawili, na Khima ndiye aliyemfumia kofia yake ya kwanza. Sasa alisimama uani bila kuvua viatu, akakwepa kumtazama Khima. Nyuma yake, kwenye njia, vijana wa mtaa walikuwa wamejikusanya. Mmoja alikuwa na dumu la mafuta ya taa. Mama yake kamtuma, alisema, bila kuulizwa.

"Shangazi, nimekuja kukuchukua," Lekhnath alisema. "Nyumbani hatupumui. Watu wanamsimamisha mke wangu sokoni."

"Nyumbani kwangu ni hapa."

"Shangazi, waangalie hao nje. Mimi nimeongea nao. Wamesema miteri ikivunjika hadharani, wewe ukaondoka, huyu watamwacha afume kazi zake kwa amani." Akamwonyesha Khima kwa kidevu. "Mwite jina lake tu. Wasikie. Yaishe."

"Na nisipomwita?"

Lekhnath aligeuka akalitazama dumu.

Khima alikuwa amesimama mbele ya kitanda chake cha kufumia, mikono nyuma, ameshika mbao zake. Usithubutu, alisema moyoni. Wachome. Wachome mbao, uzi, paa, wachome na mimi, lakini usithubutu. Nandakala alimtazama kwa muda, vile alivyomtazama alipokuwa na homa, akipima kama atafika asubuhi. Kisha akajipangusa mikono kwenye sari yake nyeupe, moja, halafu ya pili.

"Khimkumari," aliita.

Khima alikuwa amejiuliza mara nyingi, chumbani juu, jina lake lingelia vipi katika mdomo ule. Lililia vizuri. Lililia kama vile lilikuwa linatamkwa humo kimyakimya kila siku. Uani wote walikuwa wanangoja aitikie, maana jina lisiloitikiwa halijavunja kitu. Angeweza kunyamaza. Kijana wa dumu alisogea hatua moja. Nandakala aliita tena, kwa sauti ya juu zaidi, na macho yake yalikuwa yanamsihi.

"Abee," Khima aliitika.