Msichanganye Ndengu Zangu

Povu la ndengu likifurika na kumwagikia makaa ya moto hutoa harufu yake peke yake. Kuna udongo uliochomwa ndani yake, na utamu kidogo wa karanga zinazoanza kuungua. Nina hoteli ndogo hapa Sultan Hamud, meza chache na benchi, na asubuhi nyingi harufu hiyo hunipata nikiwa nimegeuka kukata dhania. Wasichana ninaofanya nao kazi hukimbilia kufunua sufuria. Mimi husimama kwanza nikavuta pumzi. Wao hudhani nimechoka. Wewe nitakuambia ukweli: huwa nimerudi Emali, nina miaka kumi na miwili, na nimekasirika.

Nilianza kuanguka kifafa kabla sijaanza shule. Mara ya kwanza siikumbuki, lakini mkono wangu wa kushoto unaikumbuka, maana niliangukia mafiga. Ngozi ya hapo mpaka leo inang'aa na kujikunja kama nailoni iliyopitishwa motoni. Baada ya hapo mama yangu, ambaye nitamwita mwaitu kwa sababu ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba, alichukua panga akachora mstari kwenye sakafu ya udongo ya jikoni. Moto upande ule, Mumbua upande huu. Mstari ukifutika kwa kufagiwa, aliuchora tena. Mdogo wangu Kanini alijua kupika chai akiwa bado na mapengo, mimi nikiwa kwenye kigoda ng'ambo ya mstari nikimwelekeza kwa mdomo. "Weka majani sasa. Aiya, si hayo yote!" Nilikuwa mpishi asiye na mikono. Kanini alicheka sana siku hizo. Mimi nilikuwa nikitoka nje nalia nyuma ya tangi.

Jumapili moja kabla ya likizo ya Agosti, pasta wa kanisa letu alitangaza kwamba kutakuwa na kambi ya mapishi wiki nzima katika uwanja wa kanisa. Akasema ni ya watoto wote. Wasichana kwa wavulana, wa kanisa na wasio wa kanisa, wenye ulemavu na wasio nao. Kisha akasema wanaotaka kuja wasimame. Nilisimama. Mwaitu akanivuta gauni kutoka nyuma. Nikaendelea kusimama. Akavuta tena, nikasikia mshono wa kiunoni ukiachia nyuzi, na bado sikuketi, mpaka pasta akaniona akasema, "Na Mumbua pia, Bwana asifiwe," na kanisa zima likajibu amina. Mwaitu hakuwa mtu wa kukataa kitu kilichokwisha kuitikiwa amina. Ila jioni alishona lile gauni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mwalimu wetu aliitwa Anti Ndanu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima hadi mlima, ambaye alikuwa amepika katika mahoteli ya Mombasa kabla ya kuolewa Emali. Agosti kwetu ni baridi ya asubuhi na upepo wa vumbi. Majiko ya makaa yalikuwa yamepangwa safu moja kando ya ukuta wa kanisa, na malori ya barabara ya Mombasa yalinguruma upande wa pili wa ua. Kulikuwa na kijana wa kiti cha magurudumu aliyekatia vitunguu kwenye ubao aliouweka magotini. Kulikuwa na msichana kiziwi ambaye alijua chapati imeiva kwa pua tu. Niliwatazama nikaona kweli hapa ni mahali pangu.

Mimi nikapewa viazi.

"Kaa pale kwa kivuli, mpenzi," Anti Ndanu aliniambia, "uwe unatuambulia. Pale ni salama." Nilimwona mwaitu akiongea naye langoni asubuhi ile, kwa hivyo nilijua neno "salama" limetoka wapi. Jumatatu nikaambua viazi. Jumanne wenzangu wakajifunza kusukuma chapati, mimi nikaambua viazi. Jumatano, nikiwa na kiazi mkononi, mbali na kila moto, palepale kwenye usalama wangu, nikaanguka.

Kuzinduka ni kama kutolewa kisimani polepole. Kwanza nilisikia ladha ya vumbi mdomoni. Halafu nikahisi leso iliyokunjwa chini ya kichwa changu, na mkono wa Anti Ndanu mgongoni ukinishikilia nilale ubavu. Halafu nikaona miguu. Watoto walikuwa wamesimama mbali, viatu vyao vimepangana kama wamechorewa mstari. Miguu ya mtu mmoja tu ilikuwa karibu, ya ndara za buluu, na mwenye ndara alikuwa amechutama ananiangalia usoni.

Huyo alikuwa Hibo. Baba yake aliuza ng'ombe na mbuzi katika soko la mifugo la Emali, na familia yao ilikuwa imetoka upande wa Garissa. Hibo alikuja kambini kila siku na sufuria yake mwenyewe na kijiko chake ndani ya mfuko, kwa sababu mama yake alitaka kujua binti yake, Mwislamu, anakula kutoka kwa chombo gani. Watoto walimcheka kwa sababu ya hiyo sufuria.

"Unasikia nini ukianguka?" aliniuliza.

Anti Ndanu akamwambia aache adabu mbaya. Lakini mimi katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuulizwa hilo swali. Watu walimuuliza mwaitu nimelogwa na nani. Mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza kitu.

"Sisikii," nikamjibu. "Ni kama taa imezimwa. Nikirudi nasikia kichwa."

"Sawa," Hibo akasema, akainuka, akaenda kuniletea maji.

Mchana, viazi vyangu vilipoiva, hakuna mtoto aliyevigusa. Mmoja alinong'ona kwamba kifafa huambukizwa na mate, mwingine kwamba ni mikono, na kabla ya sala ya chakula habari ilikuwa imefika mwisho wa meza. Anti Ndanu aliwaambia si kweli, akala kimoja mbele yao. Haikusaidia. Mwishowe viazi vilimwagiwa kuku wa pasta. Nilisimama pale nikawatazama wale kuku wakila mpaka wakamaliza. Hakuna kuku aliyeanguka. Nilitamani kuwaita watoto wote waje waone.

Alhamisi Anti Ndanu aliponinyooshea karai la viazi, sikulipokea.

"Nataka jiko," nikasema.

"Mumbua, nimemwahidi mama yako."

"Jana nilianguka nikiwa na viazi. Si moto uliniangusha."

Akaliweka karai chini. Hibo, ambaye alikuwa akisafisha sufuria yake karibu, akasema bila kugeuka, "Apike na mimi. Nitasimama upande wake."

"Na akianguka?"

"Nitamvuta kwangu. Nyumbani huwa navuta ndama, na ndama ni mzito kuliko yeye."

Anti Ndanu alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Kisha akaenda nyuma ya kanisa, kulikokuwa na matofali yaliyobaki ya ujenzi, akayabeba mwenyewe, akalizungushia jiko letu ukuta mpaka likazama ndani. Akanipa mwiko mrefu kuliko yote. "Simama hapa, usiiname," akasema. "Ukisikia kichwa kinabadilika, achilia kila kitu ukae chini." Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amenifikiria mimi na moto pamoja, badala ya kututenganisha.

Tulipewa ndengu. Tulizichagua mawe juu ya ungo, tukaziosha, tukazibandika. Zilipofurika na lile povu likamwagikia makaa, moshi ulinipanda puani, nikashtuka, kisha nikacheka kwa sauti. Hiyo ndiyo harufu. Siku iliyofuata niliziunguza zikashika chini, Hibo akanigombeza kwa ajili ya sufuria ya mama yake, na sote wawili tukaisugua kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka. Lakini Jumamosi, siku ya wazazi, zilitoka vizuri. Vitunguu vilikuwa vimekauka rangi ya asali, nyanya zimeyeyuka, dhania imenyunyizwa mwishoni. Nilionja, nikaonja tena, nikajua.

Wazazi walianza kufika karibu saa sita. Mwaitu aliingia langoni akiwa na leso yake ya kanisani, akaniona nimesimama kwenye jiko na mwiko mkononi. Alisimama ghafla. Mkono wake ulikwenda mdomoni ukabaki hapo. Nilingoja apige kelele. Hakupiga.

Vyakula vilipangwa juu ya meza ndefu, na wazazi wakaanza kuuliza nani amepika nini. Ndipo nikamwona Anti Ndanu amechukua sufuria yetu, anaiinua kuelekea ile kubwa ya ndengu za wengine.

"Anti, unafanya nini?"

Akainama akaniambia sikioni, "Nazichanganya tu, mpenzi. Watakula zote. Hakuna mtu atajua ni zako."

Alikuwa mtu mwema. Ni vizuri uelewe hivyo, kwa sababu ningeweza kumjibu kwa urahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Machoni pake niliona anatafuta namna ya kuniepushia aibu.

"Hapana," nikasema. "Usichanganye. Hizo ni zetu."

"Mumbua, watu watakuja kukuumiza."

"Wacha waniumize."

Nikaichukua sufuria kwa mikono yangu yote miwili, ule mzima na ule wa kovu, nikaiweka mwisho wa meza peke yake. Kisha nikapanda juu ya benchi.

"Hizi ndengu nimepika mimi na Hibo. Mimi ni Mumbua, yule alianguka Jumatano. Mwenye anataka, aje na sahani."

Mama mmoja wa kwaya akamvuta mtoto wake kwa bega. Foleni iliyokuwa imeanza kuja upande wetu ikajipinda, taratibu, kwa heshima, kama maji yanayokwepa jiwe. Hibo alichukua chapati, akaichovya, akala amesimama. Yule kijana wa kiti cha magurudumu akajisukuma mpaka kwetu, akapakua, akasema chumvi iko sawa. Anti Ndanu akaja na sahani, macho yamelowa. Basi. Nikamtafuta mwaitu. Alikuwa kwenye foleni ile nyingine, sahani tupu mikononi, ananitazama. Hakuja.

Mpaka watu wanatawanyika, sufuria ilikuwa bado imejaa zaidi ya nusu. Ndipo mwaitu akaja. Alimwomba Hibo ruhusa ya kuondoka na sufuria, akaifunga kwa leso, akaiweka kichwani. Nilimfuata nyuma. Nilikuwa tayari kumchukia.

Hakushika njia ya nyumbani. Alielekea sokoni, kwenye safu aliyouzia nyanya siku za wiki, akaketi kati ya wenzake, akafungua leso. "Leo Mumbua amepika," akawaambia. "Na mnajua huwa anaanguka. Mimi nakula." Akala kwa mkono, polepole, huku akiwatazama mmoja mmoja. Mwenzake wa kulia akasema ameshiba. Wa kushoto akanawa mikono. Halafu akaja mwingine. Sufuria haikuisha, lakini ilirudi kwa kina Hibo ikiwa nyepesi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mwaitu amesimama mlangoni mwa jiko. "Bandika chai," akasema. Alisimama hapohapo, nusu ndani nusu nje, mpaka ikachemka, akiwa amekunja mikono ya sweta kama mtu aliye tayari kuingia mtoni.

Nilikaa na swali moja miaka mingi. Nilimuuliza nikiwa mtu mzima tayari, tukichagua ndengu pamoja: siku ile kanisani, kwa nini hukuja? Hakuacha kuchagua. "Ningekuja wa kwanza, wangesema ni mama yake," akanijibu. "Mama kula cha mtoto wake si habari. Nilikuwa nangoja mtu mwingine aanze. Nilingoja, nikaona hawaanzi, nikajua hapo si mahali pa kukuuzia. Nikakupeleka kwa watu wangu." Nilikuwa nimedhani ule ukaidi wote ni wangu. Kumbe nilikuwa nimeunyonya. Yule aliyechora mstari kwa panga na yule aliyekula mbele ya soko zima walikuwa mtu mmoja, na kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa ileile moja, ya kutonipoteza.

Siku hizi nameza dawa kila siku, na naanguka mara chache. Majuzi kanisa lile lilinialika nitoe ushuhuda katika siku ya mwisho ya kambi ya mwaka huu, na mzee mmoja akanidokezea kwamba ingefaa niseme nimepona, watoto watiwe moyo. Nilisimama mbele, nikashika maikrofoni, nikawatazama wale watoto na aproni zao zilizochafuka.

"Sijapona," nikasema. "Nikianguka hapa, nilazeni ubavu na msinitie kitu mdomoni. Chakula kiko nje, nimepika mimi."

Kisha nikatoka kwenda kupakua.