Saa Kumi na Sita za Wageni wa Meli

Wakala wa Mombasa alinipigia simu nikiwa sokoni Moshi, nachagua parachichi. Meli ya watalii, alisema, ingetia nanga saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa nne usiku. Wageni wanane walikuwa wametazama ramani wakaona mlima hauko mbali.

"Kwenye ramani ni kidole kimoja tu," alisema. "Wanataka kahawa, chakula cha Kichagga na maporomoko ya maji. Unaweza?"

Nikasema naweza. Ofisi yangu ya utalii ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na kwa wiki nyingi hakuna mgeni aliyekuwa amekanyaga mlango wake.

Jioni nikakaa na daftari. Saa moja ya kushuka melini. Saa tano za barabara kuja, pamoja na mpaka wa Holili. Saa tano kurudi. Kadi za chanjo ya homa ya manjano. Choo cha kukaa, kwa sababu aliye mdogo kuliko wote alikuwa na miaka sitini na sita. Akiba ya saa mbili bandarini, maana meli haimsubiri mtu. Basi likikuacha utapanda la kesho. Meli ikikuacha, hata nguo zako zimekwenda nayo. Kila nilivyopiga hesabu zilibaki saa tatu tu mlimani, na ndani ya hizo, dakika arobaini na tano za bondeni.

Bonde lenyewe liko Old Moshi, chini ya kihamba cha shangazi yangu, dada yake baba. Unapita migomba na kahawa ya shamba hilo, unashuka ngazi zilizochongwa kwenye udongo, unavuka daraja la magogo, unafika kwenye maporomoko. Wiki mbili kabla ya meli nikaamua kuijaribu njia hiyo kwa saa mkononi. Nilikwenda na dereva wangu, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyewahi kuwa mpagazi mlimani kabla ya kushika usukani.

"Leo wewe ndiye mgeni," nikamwambia. "Una miaka themanini na magoti mabovu."

Akacheka, akakata fimbo kwenye ua wa masale.

Tulimkuta shangazi amesimama na jembe kando ya mfongo, mfereji wa wazee unaoleta maji ya mto mpaka kwenye vihamba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone."

Mfereji ulikuwa tope tupu. Kaa mmoja mdogo alikuwa akijikokota katikati yake.

"Siku ya tatu mvua inapiga huko msituni," alisema, "na mfongo umekauka. Umewahi kuona jambo kama hili?"

"Labda majani yameziba huko kwenye banio, maji yanapotoka mtoni."

"Nilidhani hivyo. Nimemwomba mwenyekiti wa mfongo apande akaangalie. Lakini sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Mto. Tangu jana jioni siusikii."

Nikatega sikio. Nilisikia redio ya jirani, nikasikia ng'ombe akikohoa bandani. Chini ya hapo hapakuwa na kitu. Utotoni nilikaa likizo zote katika nyumba ile na sauti ya mto ule ndiyo iliyokuwa ikinilaza. Nilipaswa kushtuka. Badala yake nilitazama saa yangu.

"Ngoja kwanza mwenyekiti apige simu," shangazi alisema.

"Shangazi, nina dakika arobaini na tano tu. Tukipanda tutakunywa kahawa."

Aliendelea kumtazama yule kaa.

Dereva alishuka kama mzee kweli, akisimama kila ngazi ya kumi kuvuta pumzi, nami nikaandika dakika. Kumi na tisa kushuka. Darajani tulikuta mto umekuwa kijito unachoweza kukivuka bila kulowesha kifundo cha mguu. Mawe niliyoyajua kuwa chini ya maji maisha yangu yote yalikuwa nje, meusi, yana utelezi. Maporomoko yenyewe yalikuwa yamebaki uzi mmoja kwenye mwamba.

Kwa kweli nilifurahi. Nilifikiria kwamba wageni wataweza kusimama karibu bila kulowa. Nikaandika: "Maji kidogo. Salama kwa wazee. Hakuna mtandao wa simu."

Dereva aliacha kuigiza. Alikuwa akitazama vidimbwi katikati ya mawe, ambamo visamaki vilikuwa vikijipigapiga.

"Mama, hapa pana harufu ya shamba lililolimwa leo," alisema. "Udongo mbichi. Unatoka wapi?"

"Ni mvua."

"Hapa hapajanyesha tangu asubuhi. Twende."

"Dakika tano. Nipige picha za kumtumia wakala."

Nilipiga kumi na moja. Katika ile ya mwisho dereva ameipa kamera mgongo, anatazama juu.

Ndipo nikasikia sauti ya shangazi. Shangazi hakuwa ameshuka bondeni kwa miaka mingi. Hata kanisani alikwenda kwa kushikwa mkono. Nilimwona kwenye kona ya njia, nusu ya mteremko, ameshikilia mgomba kwa mikono miwili, kanga imemvuka begani. Hakuniita kwa jina. Alipiga ukelele wa watu walioona moto.

"Pandeni! Acheni kila kitu, pandeni!"

Dereva alitupa fimbo, akanishika kifundo cha mkono, akanivuta. Tulivuka magogo mbio. Sikusikia maji kwanza. Nilisikia ardhi ikitetemeka chini ya kandambili zangu, kama lori zito linapopita karibu na nyumba. Tulipofika kwenye kona, shangazi alikuwa ameketi chini, hawezi kuinuka. Dereva alimbeba mgongoni, nami nikamsukuma kwa nyuma mpaka tukafika kwenye kahawa.

Tulipogeuka, bonde lilikuwa limejaa. Miti ilikuja imesimama wima, ikaenda hivyo hatua chache, kisha ikalala. Maji yalikuwa mazito kama uji wa ulezi, na ndani yake mawe yaligongana kwa sauti ambayo sina la kuilinganisha nayo. Sikuona daraja likivunjika. Nilipolitafuta kwa macho, halikuwepo. Pale kwenye kona alipokuwa ameketi shangazi, ukingo ulimeguka ukaanguka.

"Nilikupigia mara nne," shangazi alisema alipopata pumzi. "Hupatikani."

Mwenyekiti wa mfongo alikuwa amekuta ng'ambo ya banio ubavu wa kilima umeporomoka, ukaziba mto, na nyuma yake kuna ziwa lenye miti ndani. Kizuizi kilikuwa kimeanza kuvuja. Alimpigia shangazi simu huku anakimbia.

Hakuna mtu aliyekufa. Safu nzima ya migomba ya shangazi ilikwenda, na ng'ombe wa jirani aliyekuwa amefungwa malishoni chini. Jirani yule alitembea ukingoni hadi jioni, kamba mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi nyumbani. Goti la shangazi lilivimba, na halijarudi kama lilivyokuwa.

Nilimweleza wakala. Alinipa pole, kisha akaniuliza kama kuna maporomoko mengine.

Wageni walikuja, kwa kahawa na chakula tu. Mpakani walicheleweshwa, wakafika saa saba kasoro. Walikaa barazani kwa shangazi wakatwanga kahawa kwenye kinu, wakala kiburu cha ndizi na maharage, wakacheka. Shangazi aliwapokea ameketi, mguu juu ya kigoda. Bibi mmoja mwenye kofia pana aliuliza ni mngurumo gani ule, nikamwambia ni mto. Sikumwambia kwamba asubuhi ileile mwenyekiti wa mfongo alikuwa amenionya kuwa kilima kimeporomoka nusu tu. Nusu ya pili imening'inia, ina ufa unaoingia mkono mzima. Nilikuwa nimemwambia dereva aegeshe gari likitazama barabarani, na sikukaa hata dakika moja kwenye kiti. Wingu lilikuwa limeshuka msituni.

Tuliwaondoa saa tisa kasoro robo. Waliiwahi meli.

Kesho yake wakala aliandika kwamba wageni wamefurahi mno, na kwamba meli nyingine inakuja mwezi ujao na watu kumi na sita. Je, maporomoko yatakuwa yamefunguliwa?

Niliandika neno moja: hapana. Kisha nikampigia shangazi, nikamwomba aje akae kwangu mjini mpaka mvua ziishe. Alikataa. Alisema ng'ombe wake atakamuliwa na nani.