Farasi Aliyezoea Njia

Usiku ule wa tufani ya theluji mkwe wangu Ilko hakukaa chini. Alizunguka jikoni ameshika kiuno, maana mgongo ulimkamata tangu asubuhi. Kila Jumamosi yeye ndiye aliyepeleka malai ya maziwa yetu stesheni ya reli. Jumamosi hii aliinama kufunga kiatu akashindwa kuinuka, kwa hiyo binti yangu Paraska akavaa koti la ngozi ya kondoo, akamfunga farasi wetu Buri kwenye sleji, gari letu la kuteleza juu ya theluji, akaondoka. Mchana upepo ukageuka. Jioni hatukuliona hata zizi letu wenyewe.

Niliweka taa dirishani. Kioo kilikuwa kimezibwa na theluji na taa haikuwa na faida yoyote, lakini niliiweka.

"Ataachia hatamu," nilimwambia Ilko. "Nilimfundisha mwenyewe. Ukipotea kwenye theluji, achia hatamu, funika uso, farasi atakufikisha zizini."

"Najua, Mama."

"Buri hajawahi kupotea."

"Najua, Mama!"

"Sasa jasho la nini?"

Akasema ni joto la jiko. Jiko lilikuwa linazimika. Kwa wasiwasi nilisahau kutia kuni.

Usiku ule nilimpenda. Tangu waoane nilimwona mtu wa maneno mengi na kazi ya kusukumwa, na sasa alikuwa anauma vidole kwa ajili ya mwanangu. Nikamkatia mkate, nikaupaka mafuta ya nguruwe, nikaweka na kitunguu. Hakuugusa.

Paraska alikuja Kanada akiwa amefungwa mgongoni mwangu. Alikulia kwenye nyumba ya udongo tuliyoichimba ubavuni mwa kilima, akajua kukamua kabla ya kujua kusali. Baba yake alipokufa alishika plau mwenyewe. Majirani walicheka, halafu wakaanza kuja kumwomba awalimie. Si mtu wa kulia, wala wa kupiga kelele. Akikasirika husugua sakafu. Ilko alipokuja kumchumbia alimwuliza jambo moja tu: anajua kutunza farasi? Ilko akajibu kwamba hakuna anayemzidi. Na kweli Buri alitunzwa. Kila Jumamosi alirudi kutoka stesheni ameshiba, hata nyasi za horini hazigusi. Nikawa nasema watu wa reli wana roho nzuri.

Asubuhi upepo ulikatika. Nilikuwa nje na koleo, nachimba njia mlangoni, niliposikia kengele ya Buri. Paraska alikuwa amekaa wima kwenye sleji kama mtu anayetoka kanisani. Nikamkimbilia. Nikamshika pua, masikio, vidole, kimoja kimoja.

"Vyote vipo, Mama. Nililala ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwa Teklia."

Teklia anakaa ng'ambo ya korongo, nusu ya njia ya stesheni. Mumewe hukata miti huko kaskazini mpaka theluji iyeyuke.

"Mungu ambariki," nikasema. "Ulipaonaje kwenye tufani ile?"

"Sikupaona. Niliachia hatamu." Alikuwa amemwingiza Buri zizini na sasa anamfungua, bila haraka. "Akakata kona nisiyoijua, akapita langoni, akaingia zizini mpaka kwenye hori la mwisho. Shayiri ilishawekwa. Na blanketi lake limetundikwa pale."

"Blanketi la nani?"

"La Buri, Mama. Lile la mistari ulilofuma wewe. Lililoibwa stesheni."

Nikakaa juu ya ndoo.

"Halafu Teklia akafungua mlango na taa mkononi, hata hajaangalia ni nani, akasema, 'Leo umechelewa, mpenzi, pirohi za viazi zimepoa.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikala. Nilikuwa na njaa." Akafikiri kidogo. "Anazidisha chumvi."

Ilko alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, hana kofia wala koti. Niliona kwamba mgongo wake ulikuwa umenyooka.

"Paraska, kipenzi changu," akasema, "nimekesha. Muulize mama yako."

"Amekesha," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Nilidhani umekufa!"

"Hukudhani nimekufa," Paraska akasema. "Ulidhani nimefika."

Ilko akamnyooshea Buri kidole. "Sikiliza, mwanamke! Huyo farasi ndiye aliyekuokoa. Kama nisingemzoesha pale, saa hizi tungekuwa tunakufukua kwenye theluji!"

Ubaya ni kwamba hiyo nayo ilikuwa kweli. Nilikuwa na mtoto hai mbele yangu, na sikujua nimshukuru nani.

"Ndiyo maana nampa shayiri," Paraska akasema. Akamwaga debe zima horini, akampapasa Buri shingo, akaondoka. Nikamfuata. Tulipoingia nyumbani akateremsha komeo.

Ilko akagonga. "Paraska! Baridi hii! Unataka niende wapi?"

"Panda sleji, uachie hatamu."

Nilipuliza pumzi kwenye barafu ya kioo mpaka nikapata tundu la kuchungulia. Alimtoa Buri, akamfunga tena, akapanda. Buri akatembea hadi langoni, akasimama. Ilko akashuka akamvuta, akamwita mtoto wa mbwa, akamwita na mengine nisiyoyaandika. Buri akageuza sleji, akamburuta mtu wake, akarudi kwenye shayiri yake.

Basi Ilko akaja mlangoni. Safari hii aligonga polepole, kama mgeni.

Kofia yake ilining'inia kwenye msumari karibu na kichwa changu. Nilifikiria masikio yake. Baridi ya namna ile inakata sikio la mtu kabla hajamaliza kujieleza. Nikainuka nikaichukua.

"Mama," Paraska akasema. Alikuwa amepiga magoti na ndoo ya maji na brashi. "Zizini kuna ng'ombe na nyasi, hafi mtu. Kaa."

Nikakaa, kofia mapajani. Ilko akagonga tena, akaita jina la Paraska, kisha akaita langu. Paraska akasugua ubao mmoja baada ya mwingine, kutoka jikoni mpaka kwenye kizingiti, na komeo hakuligusa.